Ushujaa wa Porini ni wa Nani?

Wapo wasomaji, na hapa Upanga nabishana nao mara kwa mara, waisifuo *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, hadithi ya Rider Haggard ya mwaka 1885 iliyofasiriwa na Frederick Johnson, kuwa ndiyo kipimo cha ushujaa wa porini. Kiswahili chake ni kitamu, hilo silipingi. Lakini Ventvögel, mtumishi Mwafrika, afapo kwa baridi pangoni, nani kati yao humkumbuka? Hiyo ni ya kubuni. Chuma na Susi walikuwapo kweli. Livingstone, bwana wao, alipofariki mwaka 1873, wao na wenzao waliukausha mwili wake juani, wakauchukua kwa miguu kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Njiani maradhi yaliwaangusha. Mwalimu, safari hiyo umeisomesha lini?