SI KILA MTOKI NI TB!

Kijana wa Geita, Kahama na Shinyanga, sikia! Mtoki umevimba shingoni au kwapani, homa haiishi, jasho la usiku linalowesha shuka, mwili unakonda. Kweli, TB imejaa machimboni. Lakini umemeza dawa zake na uvimbe unazidi? Huenda ni saratani ya tezi, inayowaandama wenye virusi vya UKIMWI. Dalili zinafanana! Dai kinyama cha tezi kikatwe, kipimwe. Ikiwahiwa hutibika. Dawa za kufubaza virusi usiache.

Nanyi wakubwa: mgodi wa Geita unatoa dhahabu tangu mwaka 2000. Mchimbaji aliyekosa nauli ya kwenda Bugando, Mwanza, afe kwa ugonjwa wa kukisiwa? Tunasema hapana! Leteni vipimo machimboni.