Bibi harusi, seti ya kukodi haikupambi: mtafute mfua



Leo sina maneno ya kubembeleza. Tunawapamba maharusi wetu kwa madini ya bei poa yaliyochovywa maji ya dhahabu, halafu tunaicheka bangili ya fedha au ya shaba iliyofuliwa kwa mkono. Tunasema ya kishamba. Tunasema ya bibi kizee. Wengine wanasema ya mganga. Jamani, tumefikaje hapa?

Mimi ni fundi cherehani. Niko Titye, wilaya ya Kasulu, huku milimani Kigoma, na magauni ya harusi ndiyo yanayonilisha. Siwezi kukata shingo ya gauni kabla sijajua mkufu utakaa wapi, kwa hiyo seti hizi nazishika kila msimu. Zinakuja kwenye boksi: kidani, herini, bangili, pete, na pambo la paji la uso. Mpambaji anakodisha kwa siku. Jumamosi inavaliwa, Jumapili inarudishwa, Jumamosi ijayo iko kwenye shingo ya mwingine. Ukiweka picha za maharusi watano pamoja, utadhani ni bibi harusi mmoja aliyeolewa mara tano.

Msimamo wangu ni huu: bibi harusi mwenye pambo moja dogo lililo lake, la madini ya kweli, lililofuliwa na fundi, amependeza kuliko mwenye seti nzima ya watu.

Tuanze na dini yetu. Surat An-Nisaa, aya ya 4, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao. Yao, si ya baba wala ya mjomba. Na sote tumeisikia hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamume masikini aliyetaka kuoa, Mtume (s.a.w.) akamwambia akatafute japo pete ya chuma. Hata hiyo hakuipata, akaozeshwa kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Chuma, dada yangu! Sasa wewe unaona haya kwa pete ya fedha? Mtume mwenyewe pete yake ilikuwa ya fedha. Huku Buha nako wazee wanasimulia mahari ya ng'ombe na majembe, na jembe ni kazi ya mhunzi. Hakuna aliyeona kalipwa takataka.

Kuna jambo jingine la kufikiria. Wanachuoni wamekhitilafiana kama pambo la kuvaa linatolewa zakaa. Kauli inayofuatwa na Mashafi wengi ni kwamba halitolewi. Mahanafi wanasema linatolewa likifika nisabu, yaani takriban gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha. Uliza shekhe wako akuongoze. Ninachotaka uone ni kwamba walijadiliana kwa sababu lile ni mali. Seti ya kukodi nani atakuuliza zakaa yake? Hata ukipata shida usiku wa manane, huwezi kuiweka rehani.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo dharau ilipozidi. Mfua fedha anaiyeyusha, anaimimina, akiganda kipande anakifua juu ya fuawe. Fedha ikigongwa sana inakuwa ngumu, na akiendelea itapasuka. Kwa hiyo anairudisha motoni ilainike, halafu anafua tena. Akitaka waya, anaivuta kupitia bamba la chuma lenye matundu, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, mpaka apate waya mwembamba kama uzi. Waya huo anausokota, anaukunja maua, anaulehemu bila kuyeyusha ua lenyewe. Mimi ninayetia nakshi kwa sindano nikitazama kazi ile naona tarizi, ila yeye anatarizi kwa moto.

Na usimwite mfua mtu duni. Nabii Daudi (a.s.) alilainishiwa chuma na Mola wake, akaamrishwa atengeneze nguo za vita na apime vizuri pete zake. Iko katika Surat Sabai, aya ya 10 na 11. Nabii wa Allah alikuwa mfua, nawe unamwona fundi mwenye masizi mikononi hafai hata kusalimiwa?

Sasa igeuze seti ya kukodi uangalie mgongo wake. Ni bati jembamba lililogandamizwa na mashine, nyuma ni uwazi mtupu, na vito vimeshikwa kwa gundi. Jasho na manukato vinaila ile rangi, kisha kunabaki kijivu. Ndiyo maana mpambaji anakwambia usijipulize uturi shingoni. Bibi harusi asijipulize uturi kwa ajili ya mkufu! Mtumwa hapo ni nani?

Wanaosema mambo haya ni ya kishamba hawajui historia yao. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika kuhusu waya wa shaba uliotoka Zanzibar na misafara, na bangili za waya wa kuzungushwa zilizoitwa kitindi, ambazo Ujiji zilitumika kununulia bidhaa. Maana yake mkono wa mwanamke wa huku ziwani ulipambwa kwa waya uliopita mikononi mwa watu wa Unguja. Pwani nako riale za Maria Theresa, zile sarafu zenye mwaka 1780 na uzito wa gramu 28 hivi, ziliyeyushwa zikawa mapambo. Lamu mpaka leo mafundi wanachukua vipande vya vyombo vya kale vya kaure wanavipachika kwenye pete za fedha, na wageni wanavuka bahari kuzinunua. Mgeni anaona uzuri, mwenye nyumba anaona ushamba.

Najua mtakachosema.

"Shaba ni ya waganga." Shaba ni madini aliyoyaumba Allah, haina kosa. Kosa ni itikadi ya anayeivaa akidhani inamkinga. Hata wanaosema inatibu viungo, mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha matokeo yao kwa wagonjwa wa baridi yabisi, na bangili za shaba hazikuwasaidia. Basi vaa kwa sababu ni nzuri, usiifanye hirizi.

"Fedha inakuwa nyeusi." Ndiyo, na ukiisugua inang'aa. Shaba nayo inaacha kijani mkononi, ioshe kwa ndimu na chumvi. Ya kuchovya ikishachujuka utaisugua na nini?

"Kwa nini isiwe dhahabu?" Dhahabu ni halali kwetu wanawake, na mwenye uwezo anunue, alhamdulillah. Aangalie muhuri: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18. Ninayempinga ni yule anayemwambia msichana asiye na uwezo kwamba bila rangi ya dhahabu hajaolewa.

Nanyi mlioko Unguja, mna masonara Mji Mkongwe, mnapita mlangoni kwao mkienda kukodi. Sisi wa Titye mpaka tupande basi tuteremke Kigoma mjini, na bado tunaenda.

Kwa hiyo, mwali, nenda kwa mfua mapema, si wiki ya harusi. Mwambie apime uzito mbele yako, akutenganishie bei ya gramu na bei ya mkono. Fahamu kwamba siku ukiuza, utalipwa gramu, ufundi haurudi. Ndiyo maana chagua kitu utakachokipenda miaka mingi. Fedha ikiwa na muhuri wa 925, ni sehemu 925 za fedha katika 1000. Pitisha kidole nyuma, pasikwaruze. Fungua na kufunga kikulia mara kumi. Pete isibane, maji ya udhu yafike kwenye ngozi. Usichoreshe aya, utaingia nayo chooni. Na ukishavaa, uzuri wako ni wa mumeo na wa wanawake wenzako ukumbini.

La mwisho, usimkandamize fundi bei ya mkono. Sisi mafundi tunajua maneno yenu: "Si kazi ya siku moja tu hiyo?" Siku moja, lakini miaka ya kujifunza huioni. Mfua akikosa bibi harusi wa kumfulia, atazima jiko, na mwanawe ataendesha bodaboda. Hapo tutabaki na maboksi ya plastiki, tukiwasimulia binti zetu kwamba zamani kulikuwa na watu wanaojua kuisokota fedha kama uzi.

Wabillahi tawfiq.