Wafuasi Laki Moja Lakini Ukishikwa Uko Solo? Hivi Ndivyo Mbogi ya Mabloga Huundwa

Maze, tuongee ukweli. Unaweza kuwa na wafuasi laki moja, laiki zinaanguka kama mvua, lakini siku karao wakigonga mlango wako saa nane usiku, ni wangapi watauliza uko wapi? Hapo ndipo utajua kama uko na mbogi ama uko na watazamaji tu.

Mbogi ya mabloga haianzi na mwenyekiti wala katiba. Inaanza hivi: msee mmoja anaandika, mwingine anasoma na kumjibu kwa blogu yake, wa tatu anaweka linki za wote wawili. Mkisomana hivyo kwa muda mnajuana. Unajua nani ni mkali wa siasa, nani anaelewa mambo ya kodi, na nani hupenda kutia chumvi. Kuaminiana kunakuja polepole hivyo.

Hapa Kenya hii kitu si ya jana. Mwaka wa 2004, Daudi Were alianza kuunganisha blogu za Wakenya, wa hapa home na wa majuu, ndio ukitoka kwa moja uruke hadi nyingine. Wengi waliona ni story za kupitisha wakati. Halafu ikafika uchaguzi wa Desemba 2007. Nchi ikawaka moto, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wakakimbilia blogu kujua nini kinaendelea.

Januari 2008, Ory Okolloh aliuliza kwa blogu yake, Kenyan Pundit, kama kuna wasee wa teknolojia wa kutengeneza ramani ya kuonyesha vurugu ziko wapi. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaingia kazi, na kwa siku chache tu Ushahidi ikawa hewani. Hakukuwa na tenda wala mkubwa wa kutoa amri. Shida ilipobisha, ilipata watu tayari wanajuana.

Mwaka wa 2011 mabloga wakajisajili rasmi kama chama, BAKE. Sheria ya makosa ya mitandao ilipotiwa sahihi Mei 2018, BAKE ilikimbia kortini na jaji akasimamisha vifungu 26. Walishindwa hiyo kesi Februari 2020, sawa, lakini karibu miaka miwili hivyo vifungu vilikuwa vimelala. Msee mmoja na simu yake angetoa wapi doh ya wakili?

Tusichanganye hii na wale wa hashtegi za kulipwa. Watu mia wakiposti maneno yaleyale dakika ileile kwa sababu wametumiwa kitu kwa M-Pesa, hao ni vibarua. Doh ikiisha, kila mtu anashika njia yake.

Na hii si mchezo. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alishikwa Homa Bay kwa sababu ya posti kuhusu mkubwa wa polisi, akaletwa Nairobi, na akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha alipigwa. Vijana walijaa barabarani kumdai haki, wengi wao hata hawakuwahi kukutana naye. Walimtetea kama mtu wao, lakini alikuwa ashaenda.

Ndio maana mbogi hujengwa mapema, kabla mambo kuharibika. Wiki hii tafuta mtu mnayeandika mambo yanayofanana. Msome hadi mwisho, mjibu vizuri, mpinge kwa heshima ukiona amekosea, na mbadilishane namba. Akinyamaza siku mbili, mpigie.

Sasa wewe tuambie: ukipotea leo, nani wa kwanza kukutafuta?