Faida Isiyotabirika

Wapo watu waadilifu wanaohoji kwa nini serikali ya nchi maskini itoe fedha za umma ili mtaalamu achunguze jambo lisilo na faida iliyo dhahiri, ilhali zahanati hazina dawa; na swali hilo, kwa kuwa latoka katika moyo wa huruma, lastahili jawabu la dhati.

Mwaka 1966 Thomas Brock wa Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na mwanafunzi wake Hudson Freeze, walichukua sampuli katika chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, wakitaka kujua ni viumbe gani viwezavyo kuishi katika joto ambalo maulamaa wengi waliliona kuwa ni mauti. Walipata bakteria mwenye kustawi kwenye nyuzi 70 za selsiasi, wakamwita Thermus aquaticus, na habari zake wakazitangaza mwaka 1969. Hapana tabibu aliyewatuma.

Kary Mullis alipobuni mwaka 1983 njia ya kuzidisha nakala za DNA, iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1993, kulikuwa na udhia mmoja mkubwa: kila duru ilihitaji joto la nyuzi zipatazo 95, na kimeng'enya kilichotumika hapo awali kiliharibika, ikalazimu kutiwa kingine kila mara. Kimeng'enya cha bakteria wa Yellowstone hakikudhurika, hata kazi yote ikawezekana kuachiwa mashine. Leo makohozi ya mgonjwa ashukiwaye kuwa na kifua kikuu, katika hospitali za Tanzania na Kenya, hupimwa kwa njia hiyo ya kuzidisha DNA, na katika muda wa saa mbili tabibu hujua kama vimelea vimo, na kama ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Basi ambaye angaliwanyima fedha akina Brock kwa kuwahurumia wagonjwa, angaliwanyima wagonjwa hao hao kipimo.

Kweli, tafiti nyingi hazizai kitu, wala hapana awezaye kuzibagua mapema.

Wengine husema tuwaachie matajiri kutafuta, nasi tutumie. Rai hiyo naikataa kabisa. Vimeng'enya vya vijidudu vilivyochotwa katika maziwa ya magadi ya Kenya viliingia viwanda vya ng'ambo kufifisha rangi ya nguo za jinzi, na Kenya ikabaki kudai fungu lake baada ya biashara kushamiri. Viongozi wa Afrika waliahidiana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nchi zetu nyingi hazijaifikia. Zitakapoifikia, sehemu yake wapewe wanaotaka tu kujua kinachoishi katika maziwa ya Bogoria na Natron, bila kushurutishwa kutaja faida kwanza.