Mshikaji wa Nyarugusu anataka kwenda Japani

Niliahidi kwamba leo tungewajadili wale kina dada wanaochelewa miadi makusudi halafu wanakuja na rafiki zao watatu. Naomba tuiweke kiporo, maana limezuka jambo.

Jumamosi nimekaa zangu kijiweni hapa Shinyanga mjini, kikombe cha kahawa mkononi, mara naguswa bega. Kugeuka, mshikaji wangu tuliyesoma naye sekondari! Tulipomaliza kidato cha nne mimi nilikimbilia kalamu, yeye akakimbilia sururu. Yuko Nyarugusu, kule Geita, kwenye machimbo. Nikatazama chini nikaona viatu vinang'aa. Nikajua duara limetema.

"Ngosha, umetoboa?"

"Kidogo tu, kaka. Viroba vyangu vimesema."

Akaagiza kahawa ya kijiwe kizima, kashata juu, kisha akaninong'oneza kama mtu anayeuza bangi: "Wewe si ndiye msomaji? Nitajie miji ya Japani ya kutembea."

Kijiwe kikacheka, nami nikacheka. Nikamwambia kama ni Fuso, siku hizi mtu anaagiza akiwa amekaa hapa hapa, meli inaleta, yeye anakwenda bandarini Dar kuchukua lake. Jamaa hakucheka.

"Gari nitaagiza kama watu wengine. Mimi nataka kutembea. Wao wanakuja kutazama swala wetu Serengeti, kamera shingoni. Mimi nikienda kuwatazama wao nimekosa nini?"

Hapo alinikata ngebe. Basi nikamwomba siku tatu. Msomaji, sikufichi, Japani sijafika. Mbali kabisa nilikofika ni Dar, na huko nako nilipotea Kariakoo mchana kweupe. Lakini kusoma nasoma. Nikakusanya, nikaandika kwenye karatasi, na nakala nakupa wewe bure.

Tokyo huwezi kuiruka, kwa kuwa ndege nyingi zinatua huko. Toka Dar hakuna ya moja kwa moja, utaunganisha Addis Ababa, Doha au Dubai, na viza utaiomba ubalozi wao Dar es Salaam kabla ya kuanza kutamba mtaani. Mji wenyewe una watu kama milioni 14, na ukijumlisha na miji iliyoungana nao wanafika kama milioni 37. Kuna mtaa wa maduka ya bei mbaya unaitwa Ginza. Jina hilo lina maana ya mahali pa fedha, ile fedha ya madini, kwa sababu zamani palikuwa na karakana ya kufulia sarafu. Mshikaji wangu nilimwandikia: Ginza pita, usiingie dukani. Namfahamu.

Ukitoka Tokyo kuelekea bandari ya Yokohama unapita Kawasaki, na hapo ndipo nyumbani kwa Fuso. Naam, hizi hizi zinazobeba pamba, ng'ombe, viroba vya mawe na harusi nzima kwa siku moja! Yokohama yenyewe ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1859. Siku moja inakutosha.

Sasa hapa nataka tukae kidogo. Wapenzi wa magari wote wataimba Toyota, na kweli upo mji unaoitwa Toyota. Zamani ulikuwa Koromo, mwaka 1959 ukabadilishwa jina kwa heshima ya kiwanda. Hebu fikiria mji kupewa jina la gari! Lakini mimi nilimwambia mshikaji ashuke Nagoya, mji mkubwa wa jirani, kwenye jumba la makumbusho la Toyota lililofunguliwa 1994 ndani ya kiwanda cha zamani cha nguo. Umesikia vizuri, nguo. Wale jamaa hawakuanza na magari. Mzee Sakichi Toyoda alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia nguo, kampuni ya mitambo hiyo ikaanzishwa 1926, na kampuni ya magari ikazaliwa kutoka humo mwaka 1937, ikiongozwa na familia hiyo hiyo. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Utoto wangu wote nimelala juu ya marobota nikisubiri zamu ya mizani. Tunaipeleka pamba, inachambuliwa, inaondoka. Hadithi yake kwetu inaishia kwenye lori. Kumbe kuna mahali ilikoendelea mpaka ikawa Hiace! Nilivyosoma hayo sikulala mapema, nakwambia.

Waendesha bodaboda wao wateremke Hamamatsu, ambako kuna makao ya Suzuki, na Yamaha na Honda nao walianzia huko. Kyoto ndiyo ya mahekalu, ulikuwa mji mkuu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kuna hekalu moja linaitwa Kinkakuji, orofa zake mbili za juu zimefunikwa dhahabu tupu. Mwaka 1950 mtawa mmoja kijana alilichoma moto, wakalijenga upya 1955. Ukitaka kuona maua ya micheri nenda mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, ila hoteli zinajaa. Hiroshima, mji wa bomu la Agosti 6, 1945, nenda ukiwa umenyamaza.

Karatasi ikawa imejaa, nami nikadhani kazi imekwisha. Ndipo nikakutana na Kanazawa.

Kanazawa uko upande wa pili wa nchi, treni ya mwendo kasi toka Tokyo inakufikisha kwa saa mbili na nusu hivi, tangu reli ilipofika mwaka 2015. Jina lake, kwa tafsiri ya kienyeji, ni kinamasi cha dhahabu. Wenyeji wanasimulia kwamba mkulima mmoja wa kale, Togoro, alikuwa akiosha viazi vyake kisimani, akaona chenga za dhahabu zinabaki majini. Kisima chenyewe wanakuonyesha hadi leo, pembeni ya bustani ya Kenrokuen. Sasa mtu wa Nyarugusu hiyo hadithi si anaijua? Si karai tu hilo!

Ila Kanazawa ya leo haichimbi. Inaponda. Mafundi wanachukua kipande cha dhahabu wanakipiga na kukipiga mpaka kinakuwa chembamba mno, ukipanga vipande elfu kumi ndipo unapata unene wa milimita moja. Karibu dhahabu yote ya namna hiyo nchini Japani inatengenezwa mji huu mmoja. Wanapamba nayo mahekalu, masanduku, vikombe. Aiskrimu nayo wanaifunika dhahabu, na watalii wanalamba! Nilipomsomea mshikaji hapo, alisimama kabisa kitini.

"Wanakula?"

"Wanakula, Ngosha."

"Sisi tunaipima kwa pointi, tunagombana na dalali mpaka usiku, wao wanakula!"

Nikamwambia asubiri, bado Sado. Sado ni kisiwa. Unapanda meli toka mji wa Niigata, ya kawaida inachukua saa mbili na nusu, ya kasi kama saa moja. Huko kuna mgodi wa dhahabu ulioanza mwaka 1601. Mlima umepasuliwa katikati kama tikiti, na si mashine iliyopasua, ni nyundo na tindo za watu walioufuata mkanda wa mawe. Njia za chini zina urefu wa kama kilomita 400. Pima mwenyewe, ni zaidi ya kwenda Mwanza na kurudi hapa Shinyanga, lakini chini ya ardhi. Ndani wameweka sanamu za wachimbaji wa kale, zinatikisa nyundo, zinaongea.

Shida yao kubwa ilikuwa maji. Kuanzia 1778 serikali ya wakati huo ilikamata watu wasio na makazi kule Edo, ndiyo Tokyo ya sasa, ikawapeleka Sado kazi moja tu: kuyatoa maji shimoni, mchana na usiku. Wengi walifia huko. Na wakati wa vita kuu ya pili walipelekwa Wakorea zaidi ya elfu moja wakafanyishwa kazi humo. Ilikuwa mvutano kati ya nchi hizo mbili, na Julai 2024 UNESCO iliuingiza mgodi huo kwenye urithi wa dunia.

Nilikuwa nasoma haraka haraka. Nilipoinua macho, mshikaji ameinamia kikombe.

"Walitoa maji kwa mikono?"

"Kwa ndoo na vyombo vya kuzungusha kwa mkono."

"Sisi tuna pampu," akasema, "na bado."

Hatukuongeza neno hapo. Mwezi Agosti 2025 machimbo ya Nyandolwa, hapa hapa Shinyanga, yaliporomoka watu wakiwa chini. Kila mtu kijiweni ana anayemjua aliye shimoni.

Kisha nikampa hesabu iliyoniumiza kichwa. Sado ilifungwa 1989, baada ya karibu miaka 390. Dhahabu yote iliyotoka humo ni tani 78. Mgodi mkubwa wa Geita, kwa mwaka 2023 peke yake, ulitoa kama tani 15. Yaani kazi ya Sado ya karne karibu nne, Geita ya sasa inaimaliza kwa miaka mitano na kidogo. Na Sado wanaishi mpaka leo kwa kuuza tiketi ya kutazama shimo!

"Geita ikiisha sisi tutauza tiketi ya nini?" akaniuliza.

Nikaanza kumjibu kisomi. Kwamba mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966, ukafunguliwa mpya mwaka 2000. Kwamba Buzwagi, pale Kahama, uchimbaji ulikoma 2021. Kwamba Mwadui wanachimba almasi tangu Mzee Williamson alipoipata 1940, na ile ya waridi aliyozawadiwa binti mfalme wa Uingereza mwaka 1947 ilitoka kwetu, lakini mtoto wa Shinyanga akitaka kuiona picha yake aitafute kwenye magazeti. Nikagundua najibu swali kwa maswali, nikanyamaza.

Mshikaji akachukua karatasi yangu, akaomba kalamu. Tokyo akaipigia mstari, Yokohama pia. Kanazawa na Sado akazizungushia duara.

"Na Nagoya?" nikauliza, roho juu. Ile mitambo ya nguo bado ilikuwa inanikaa kichwani.

"Nagoya utaenda wewe, mtoto wa pamba."

Nauli hakunitajia! Alilipa kahawa, akaondoka na basi la Kahama kwa dada yake. Mtakumbuka, au pengine sikuwahi kuwasimulia, kwamba mara ya kwanza duara lilipotema jamaa alizimaliza zote pale Katoro kwa majuma matatu, na hakuna anayejua zilikwenda wapi, mwenyewe akiwemo. Safari hii pesa anashika dada. Nusu ni tofali na bati. Nusu nyingine bado wanabishana.

Jana dada mtu amenipigia simu. Alitaka kujua kama huko Sado mgeni anaruhusiwa kuingia shimoni. Nikamwambia anaruhusiwa, kuna taa na njia ya kutembea. Akaniuliza kama panabomoka. Nikamwambia hapana, dada, huko hawachimbi tena. Akakaa kimya, kisha akasema pasipoti imetoka, ameifungia kabatini pamoja na karatasi yangu.