Manowari Mbili Kongwe za Narvik

Wako askari wanaomaliza miaka yao yote ya utumishi bila kumpiga adui risasi hata moja. Hulinda daraja, lango au mpaka, na watoto nyumbani huuliza baba anafanya nini huko kila siku. Leo nitawaeleza habari za manowari mbili za Norway zilizolinda namna hiyo kwa karibu miaka 40, kisha zikapambana kwa dakika chache tu.

Eidsvold na Norge ziliundwa Newcastle, Uingereza, zikashushwa majini mwaka 1900. Hazikukusudiwa safari za mbali, bali ulinzi wa pwani. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 4,000 na ushei, deraya nene ya chuma, na mizinga miwili mikubwa yenye mdomo wa sentimita 21. Siku hizo Norway na Sweden zilikuwa chini ya mfalme mmoja, na wengi walihofu kuwa kutengana kungeleta vita. Mwaka 1905 zikatengana kwa amani.

Baadaye serikali iliagiza nyingine mbili, kubwa zaidi, huko huko Uingereza. Kabla hazijakamilika, vita vya 1914 vikazuka, na Waingereza wakazichukua wao. Basi vikongwe vikabaki kazini. (Aliyewahi kuomba gari jipya la idara anaielewa hali hii.)

Bandari ya Narvik iko mbali kaskazini, lakini maji yake hayagandi wakati wa baridi. Kwa hiyo mawe ya chuma ya Sweden yaliletwa hapo kwa reli na kupakiwa melini kwenda Ujerumani. Alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1940, theluji ikianguka, manowari mpya za Kijerumani zilizobeba askari zikaingia humo.

Eidsvold ilikuwa mlangoni. Ilipiga mzinga wa onyo, na ofisa wa Kijerumani akaja kwa mashua kudai njia. Nahodha wake, Odd Isaachsen Willoch, aliomba muda kidogo, akamwuliza kwa redio mkubwa wake, Per Askim, aliyekuwa ndani ya Norge. Jibu likaja: wapinge. Willoch akampa mgeni jibu hilo. Yule ofisa alipokwisha kuondoka alirusha fataki nyekundu, na topido zikafyatuliwa kutoka karibu mno. Eidsvold ilikatika vipande, ikazama kabla mizinga yake haijapiga. Waliookoka ni sita tu.

Norge iliwahi kupiga, lakini katika theluji ile haikulenga vizuri. Nayo ikapigwa topido, ikapinduka. Katika manowari zote mbili walikufa watu wapatao 280.

Wapo wasemao kwamba roho hizo zilipotea bure, maana mji ulitekwa asubuhi ile ile. Mimi sikubali. Willoch aliuliza kwa utaratibu, akajibiwa, akatii, huku akijua vyema kilichokuwa mbele yake. Linalonisumbua ni jingine: vijana wale walitumwa kuwakabili adui wenye vyombo vipya, wakiwa katika chombo kilichowazidi wengi wao umri.

Askim aliopolewa baharini akiwa amezimia, akapona. Tarehe 28 Mei 1940 majeshi ya Norway na washirika wake waliukomboa mji wa Narvik, lakini siku chache baadaye washirika hao wakaondoka, na Wajerumani wakarudi.