Lipa Ukifika Munyaka, Si Ukiwa Uwanjani

Ndege imetua Eldoret, mizigo umechukua, sasa unataka kufika Munyaka. Uwanja uko kama kilomita 16 kusini mwa jiji, na Munyaka iko upande mwingine, barabara ya Iten. Safari si fupi, na nauli si ya kubahatisha.

Sisi tunaona hivi: patana bei kabla gari halijang'oka, lipa ukishafika. Dereva akisema "nitumie kwanza ya mafuta," jiulize: ukishatuma yote, akiongeza bei njiani utambishia na nini? Panda teksi yenye mstari wa manjano na leseni ya NTSA. Ukilipa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla malipo hayajakamilika. Likiwa la mtu mwingine, muulize dereva. Haraka haraka haina baraka.

Lakini haki ni ya pande mbili. Kuna abiria anayelipa, anashuka, kisha anaomba pesa zirudishwe akidai alikosea namba. Huo ni wizi, hata kama ni mia tatu. Kwenye M-Pesa, kutuma ujumbe wa malipo kwa 456 ni msaada wa aliyekosea kweli, si wa anayetaka safari ya bure. Naye dereva asitosheke na ujumbe ulio kwenye simu ya mteja. Aangalie salio lake mwenyewe.

Na PIN yako usimpe mtu, hata aliyekubebea begi. Safari njema!